Siku Mwenyekiti Alipogoma Kula

Kuanzia Ipinda mpaka Matema watu wananijua kwa ugomvi, na sijawahi kuwakanusha. Shule niliachia darasa la nne. Sheria nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti makuukuu waliyofungia maandazi sokoni, na tangu hapo hakuna aliyekalia kiti cha umma katika kata yetu bila kupata barua yangu. Nakumbuka nani aliahidi daraja, mwaka gani, na siku hiyo alivaa shati la rangi gani. Nakumbuka na mvua zote zilizotukuta bila daraja hilo. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba Zebedayo ameshika kalamu ili kushukuru, atadhani nimelogwa. Sijalogwa. Nashukuru, na ninayemshukuru ni mke wa mwanangu Nelson, na kilichotufikisha hapo ni sungura.

Sungura huyo ni wa mke wangu, Tusajigwe. Mwaka jana, mwezi wa sita, kiharusi kilimwangusha akiwa anaanika mpunga uani. Kilimchukua mkono wa kushoto na sehemu kubwa ya maneno. Mwanamke aliyekuwa akiongea mpaka majirani wanazima redio ili wamsikilize yeye, sasa akitaka kusema neno moja inabidi alitafute kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, na akilipata amechoka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alinipa moyo. Aliniambia, "Mzee, huu mkono haujafa. Umesahau kazi. Mpe kitu laini akipapase kila siku, ila kiwe kitu anachokipenda, maana mkono haufanyi kazi ya kulazimishwa."

Tulijaribu pamba. Tulijaribu kipande cha blanketi. Kilikuwa kinaanguka, naye anakitazama tu chini kama kimeangushwa na mtu mwingine. Kisha mwezi wa Januari, Nelson, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani huja mara mbili kwa mwezi, akamletea sungura mweupe mwenye sikio moja jeusi. Akamweka mapajani mwa mama yake. Sungura akatulia. Vidole vitatu vya mkono ule vikajikunja taratibu ndani ya manyoya, vikakunjuka, vikajikunja tena. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo. Nilichofanya huko hakiwahusu.

Nilimpa jina la Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa anakaa, anakula, anatazama watu, na ukimuuliza jambo anachezesha pua. Mke wangu alilipenda jina hilo. Lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza kumrudia. Alisema "Mwe-nye-kiti" vipande vitatu, mkono ukiwa mgongoni mwa mnyama, na kila wiki vidole vikaongezeka nguvu. Kufikia Machi aliweza kushika kikombe kitupu. Ndiyo maana nilimlisha sungura yule kama ninavyomlisha mgeni wa heshima.

Na mgeni wa heshima kwetu anakula nini? Wali. Mchele wa Kyela, ambao watu wa mikoani wakishuka kwenye basi huulizia hata kabla hawajasalimia. Nilimpa wali uliopoa, kidogo kidogo kwenye kisahani. Asubuhi nilimpa ndizi mbivu. Mchana pumba laini ya mpunga. Jioni, nikitoka shambani, nampasulia tunda la kokoa alambe ule utando mweupe mtamu. Alinenepa. Alikuwa akiniona anasimama kwa miguu ya nyuma. Nikasema moyoni, haya, angalau kuna Mwenyekiti mmoja anayenifurahia.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani, bila hilo hamtaelewa nilivyokosea.

Kwetu Unyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Nikipita njiani yeye anaingia pembeni na kugeuza kichwa. Nikiwa uani yeye yuko jikoni. Hanitaji jina, nami simwiti jina lake. Neno likihitajika, anampa mama mkwe, na mama mkwe ananiletea. Wengi wameiacha desturi hii, hasa waliosoma na waliookoka. Mimi sikuiacha. Baba yangu aliishika, babu yangu aliishika, na mtu aliyenyang'anywa mambo mengi hushikilia kile alichobaki nacho. Mke wa Nelson alitoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kule ziwani kunakofikiwa kwa mtumbwi. Alipoolewa aliikuta desturi hii kwetu akaipokea bila kunung'unika. Tumekaa kiwanja kimoja miaka sita. Alikuwa ananipikia, ananifulia, anamwogesha mke wangu mgonjwa kwa upole ambao hata binti wa kumzaa hana. Sauti yake niliisikia akiimba tu.

Sasa fikirini. Mtu aliyekuwa anabeba maneno kati yetu ni Tusajigwe. Tusajigwe akapigwa kiharusi.

Dalili zilianza Februari, ila mimi niliziona kama dalili za dharau. Kila asubuhi nilikuta mlangoni mwa banda la Mwenyekiti fungu la magugu: ukoka, kishonanguo, majani ya matembele yaliyonyauka. Nikadhani takataka imesahauliwa, nikaitupa jalalani. Kesho yake fungu jingine. Nikatupa. Kisha ndizi zikaanza kupotea kwenye kisahani. Naweka, nageuka, hakuna, na sungura hajamaliza kutafuna kipande cha kwanza! Nikajua mtu wa jikoni anaziondoa. Siwezi kumsemesha, kwa hiyo nikasimama uani nikasema na hewa: "Katika nchi hii mnyonge hunyimwa hata ndizi! Na wanaomnyima wanaishi naye nyumba moja!"



Mara kadhaa nilimwona kwa mbali mke wa Nelson amepiga magoti karibu na mke wangu, anamnong'oneza, na mke wangu akiniona anafungua mdomo, anahangaika na neno, halitoki, machozi yanamlenga. Baada ya siku chache minong'ono ikakoma. Baadaye nimeelewa kwamba aliacha kumtuma kwa kumhurumia. Wakati ule nilisema afadhali, wanamchosha mgonjwa.

Nelson naye alinipigia simu akiwa njiani. "Baba, mke wangu anasema huyo sungura..."

Nikamkata. "Mke wako amwambie mama yako, mama yako aniambie mimi. Hiyo ndiyo njia."

"Lakini Baba, Mama hawezi..."

"Endesha lori, Nelson. Simu na usukani haviendi pamoja."

Nimewaandikia watu wangapi kuwalaumu kwa jibu la namna hiyo? Lete kupitia ngazi husika. Fuata utaratibu. Nimelitoa mwenyewe, kwa kinywa changu, na nilijiona nina haki.

Machi ikaisha. Nikaona manyoya ya nyuma ya Mwenyekiti yameshikamana na kinyesi laini, kinanata, kina harufu. Sisi Wanyakyusa na uchafu hatupatani. Uani kwangu hata jani likianguka hufagiwa kabla halijatulia. Nikamwogesha kwa sabuni ya mche, nikamkausha, nikamwongezea ndizi kumpoza hasira. Siku tatu baadaye vile vile. Nikamwogesha tena.

Ijumaa moja ya Aprili, siku ya pili ya mvua mfululizo, nilimkuta amejikunja pembeni mwa banda kama ngumi. Wali wa jana uko vile vile. Ndizi iko vile vile. Sakafu ya banda safi kabisa, na kwa mara ya kwanza usafi ulinitia hofu, kwa sababu hapakuwa na hata kidonge kimoja cha kinyesi. Nikamkwangulia kokoa, akageuza uso. Nikamchukua nikampeleka kwa mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake barazani. Akaweka mkono. Mwenyekiti hakusogea wala hakutulia. Alikuwa anasaga meno, unausikia mlio mdogo kama mtu anatafuna mchanga.

Mke wangu akaondoa mkono. Akauficha chini ya kanga yake. Nikamwambia, "Mpapase, atapona." Akatikisa kichwa. Nikamletea kikombe chake cha mazoezi, akakitazama, hakukigusa. Nikaona pale pale kwamba huyu mnyama akifa, mkono ule utarudi ulikotoka, na maneno yataufuata.

Nikamtia sungura kwenye kikapu, nikamfunika, nikachukua pikipiki mpaka kwa afisa mifugo. Ni kijana wa Bukoba anaitwa Evodius, ana miaka mitatu kwetu na barua zangu nne kwenye faili lake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia atakaponiambia sungura mmoja si ng'ombe, kachinjeni mle.

"Shikamoo, mzee Zebedayo," akasema alipoona masikio kwenye kikapu. "Leo barua imekuja na masikio?"

"Marahaba. Usinichekeshe, nina hasira."

"Lini huna?"

Lakini mikono yake ilikuwa tayari ndani ya kikapu. Alimtoa taratibu, akambonyeza tumbo, akaweka sikio lake ubavuni mwa mnyama, akasikiliza muda mrefu.

"Kimya kabisa humu ndani. Anakula nini?"

"Anakula vizuri kuliko wewe." Nikamtajia.

Akainua kichwa. "Wali?"

"Wali wa Kyela."

"Hata kama ni wa Kyela, mzee." Akakaa. "Nisikudanganye. Mimi nimesomea ng'ombe, nguruwe na kuku. Sungura tulifundishwa wiki moja, na wiki hiyo mimi nilikuwa na malaria. Ninachojua ni hiki: asipokula na asipopata choo, utumbo umesimama. Sungura hawezi kutapika, na jambo hili halingoji Jumatatu. Nampigia daktari wa wanyama."

Akampigia mbele yangu. Daktari alikuwa Mbeya, akasema atafika kesho mchana. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na kijana huyu hakunipa hata jiwe la kurusha.

"Mpaka kesho mchana lazima ashughulikiwe," akasema. "Kule kwako hakuna mtu amewahi kufuga sungura?"

"Hakuna," nikasema. Kisha nikakumbuka. Mimi ninayekumbuka mashati ya watu, hili nilikuwa nimelisahau: siku ya kupanga posa, shangazi wa mke wa Nelson alitusifia binti kwamba huko sekondari ya bweni alisimamia mabanda ya sungura miaka miwili, na hakufa hata mmoja. Tulicheka. Tulikwenda kuulizia kupika, tukaambiwa sungura.

"Yupo," nikasema.

"Basi huyo ndiye daktari wako mpaka kesho. Muulize."

"Siongei naye."

"Mmegombana?"

"Hatujawahi kugombana."

"Sasa?"

"Ni mke wa mwanangu."

Alikuwa amekaa kwetu vya kutosha. Hakucheka, hakuniuliza hii ni karne ya ngapi. Alifungua kabati akanipa bomba la sindano kubwa, jipya, lisilo na sindano. "La kumnyweshea maji," akasema. "Mengine mtajua wenyewe, mzee."

Nikamwambia, "Ndaga," ndiyo asante ya kwetu. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nilifika nyumbani mvua imekatika. Nikamweka Mwenyekiti mapajani mwa mke wangu, nikasimama uani. Jikoni moshi unatoka, sufuria inalia. Kati ya nyumba yangu na jiko kuna mgomba. Nikaugeukia mgomba ule, nikakohoa. Sufuria ikanyamaza.

"Ewe mgomba," nikasema, "nasema na wewe. Sungura wa Mama Nelson hali tangu jana, wala hapati choo. Kama unamjua mtu anayejua sungura, mwulize nifanye nini."

Kuku akapita kati yetu bila haraka. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa matete, nyembamba, inatetemeka.

"Ewe mgomba, mwulizie Baba. Tumbo ni gumu kama ngoma, au linabonyea?"

"Mgomba, mwambie linabonyea. Kama unga uliokandwa."

"Mgomba, sema afadhali. Lingekuwa gumu tusingethubutu kumlisha kitu. Na meno, anasaga?"

"Mgomba, anasaga."

"Ana maumivu. Mgomba, mwambie Baba ndizi ziondoke. Na wali. Na pumba. Na kokoa. Vyote!"

"Mgomba," nikasema, na hasira zangu za siku zote zikaanza kupanda, "mwambie huyo anayesema kwamba kwetu mgonjwa hanyimwi..."

"Mgomba!" Sauti haikuwa nyembamba tena. "Mwambie Baba hiyo sukari ndiyo inayomuua! Mwambie nimeweka nyasi mlangoni mwa banda miezi miwili na nusu, kila siku ya Mungu, akazitupa jalalani! Mwambie ule uchafu aliokuwa anauosha kwa sabuni, sungura huwa anaula mwenyewe, ni chakula chake mara ya pili, na akiuacha unate manyoyani ujue tumbo limeharibika! Mwambie nilimwambia Mama, nikamwambia Nelson, nikamwambia..."

Akakatika. Tangu nizaliwe hakuna mwanamke aliyewahi kunifokea uani kwangu isipokuwa mama yangu mzazi.

Barazani mtu alikuwa anacheka.

Tusajigwe alikuwa hajacheka tangu mwezi wa sita. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, kibovu, kinapanda na kushuka, na machozi yanamtiririka. Akanyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea mgomba. Akalitafuta neno. Tukangoja, mimi uani na mwingine jikoni.

"Huo... mgomba," akasema. Akapumua. "Umechoka."

Akapumua tena.

"Uacheni."

Mke wa Nelson akatoka jikoni. Amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, macho chini, lakini alitoka, akapita mbele yangu umbali wa mkono mmoja, akapanda barazani akapiga magoti kwenye kiti cha mama mkwe wake. Nami sikugeuka. Nilikuwa nikijiambia geuka, mzee, geuka, na shingo ikakataa.

"Baba," akasema akiwa bado anamtazama sungura, akitumia wingi wa heshima kama tunavyowasemesha wakwe, "naomba kinu kidogo mnipatie. Na maji yaliyochemshwa yakapoa."

Nikampatia. Akaingia nyumbani kwake akatoka na gunia, akalifungua, ndani kuna nyasi kavu, rangi ya kijani iliyofifia, zinanukia kama shamba baada ya kiangazi. Kumbe siku zote zile alikuwa anakata nyasi jua linapochomoza kati ya mvua, anazikausha darini juu ya moshi wa jiko, anaziweka akiba kwa siku nitakayokubali. Katika Kyela hii ambayo Aprili hata kiberiti kinaota ukungu!

Akatwanga ukoka na majani ya matembele mpaka yakawa uji wa kijani, akauchuja, akauvuta kwa bomba la Evodius. "Msimwinue kichwa, atapaliwa," akaniambia. "Mshikeni hivi. Nitampitishia pembeni mwa meno, kidogo kidogo, ameze mwenyewe." Nikashika. Nimewahi kushika bango mbele ya ofisi mvua inanyesha saa nne mfululizo; kumshika sungura kulikuwa kugumu zaidi. Tone la kwanza likamwagika, la pili likamwagika, la tatu akalimeza.

Kisha akafunga chupa ya maji ya uvuguvugu kwenye kitambaa akaiweka ubavuni mwa sungura. Akamgeukia mke wangu.

"Mama, sasa ni kazi yenu. Tumbo lake linataka kusuguliwa polepole, kwenda mbele na kurudi nyuma, kila baada ya muda. Si kwa mkono huo." Mke wangu alikuwa ametoa mkono wa kulia. "Huo una nguvu, utamwumiza. Leteni ule mwingine."

Mke wangu akautazama ule mwingine chini ya kanga.

"Mama," akasema mke wa Nelson, "wepesi wake ndio unaotakiwa hapa. Mimi wangu ni mzito. Wa Baba ndio usiseme."

Ukatoka. Pole pole, kama konokono anayepima hewa, mkono wa kushoto ukatoka chini ya kanga ukaingia chini ya tumbo la Mwenyekiti. Ukaanza kwenda na kurudi.

Mchana ule na jioni ile kazi yangu ilikuwa kutumwa. Baba, maji. Baba, ukoka mwingine, huu umekomaa. Baba, mwacheni atembee sakafuni, utumbo unaamshwa na miguu. Nikasema sakafu imefagiwa, atachafua. Akasema, "Baba, tunaomba achafue." Mke wangu akacheka tena. Usiku tulipeana zamu. Alfajiri mvua ilirudi, ikapiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa ishara, na Mwenyekiti bado amejikunja, ila meno yalikuwa yamenyamaza.

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nachemsha maji. Nikasikia mke wangu anaita. Hakuniita mimi. Aliita, "Na-o-mi!" Nikakimbia hata hivyo.

Kwenye kanga yake, katikati ya ua jekundu, kulikuwa na vidonge vinne vya kinyesi. Vidogo, vyeusi, vimeshikana kwa unyoya kama shanga. Wakati tunavitazama kikaja cha tano. Mwenyekiti akanyanyua pua, akaichezesha, akanyoosha shingo akachukua unyasi mmoja mkavu kutoka mkononi mwa Naomi, na unyasi ule ukaingia mdomoni taratibu, unazidi kufupika, sote watatu tukiutazama kama watu wanaosikiliza matokeo ya uchaguzi.

Nimehudhuria sherehe nyingi za kukata utepe katika maisha yangu, na kila mara nilisimama nyuma nimekunja mikono. Pale barazani, mbele ya kinyesi cha sungura, nilipiga makofi. Nilipiga mpaka jirani yangu Lazaro akauliza kutoka ng'ambo ya ua kuna nini. Nikamwambia Mwenyekiti amefanya kazi. Akasema haiwezekani.

Kisha nikavua kofia. "Naomi," nikasema. Miaka sita, na jina ni fupi hivyo. "Ndaga fijo. Nimekutupia nyasi zako, nimekuita mnyimi mbele ya kuku, nimemkatia mumeo simu. Ulikuwa unajua na mimi nilikuziba mdomo. Nakushukuru hukunyamaza."

Akainua macho kwa mara ya kwanza. Ni macho makubwa, na alikuwa hajalala.

"Asante, Baba," akasema. "Nami naomba mnisamehe nilivyofoka."

"Usiombe msamaha kwa hilo. Mengine yote nitakusamehe, hilo hapana."

Daktari alifika saa sita mchana kama alivyoahidi. Alimpima, akampiga sindano ya maumivu, akauliza tulimpa nini na kwa kipimo gani, na Naomi akajibu mwenyewe, mimi nimesimama pembeni. Alisema tungeendelea na ndizi mpaka afike, angekuta ngozi. Alisema sungura ni mnyama wa nyasi: nyasi kwanza, nyasi pili, majani tatu, na ndizi iwe kipande kama ukucha, tena siku moja moja. Mke wangu alikuwa anasikiliza, na mkono wake wa kushoto unaendelea kwenda na kurudi, ingawa hakuna aliyemwambia aendelee.

Ndugu zangu wawili wa ukoo wamekuja kunionya kwamba nimevunja desturi, kwamba mkwe ananisemesha uso kwa uso kama mtu wa mjini. Niliwakaribisha vizuri, nikawapa chai. Nikawaambia heshima ninayoipata sasa ni kubwa kuliko ile ya kukimbiwa njiani, na kama wana malalamiko zaidi waandike barua. Wanajua barua zangu zilivyojibiwa, wakaondoka.

Jumatatu jua lilitoka. Nikachukua mundu nikaenda kwenye majaruba ya mpunga, nikaanza kukata nyasi za kingoni. Naomi alikuwa juu, kwenye njia ya shamba, amebeba ndoo kichwani. Akanitazama kidogo. Ndoo ikashuka chini.

"Si hizo, Baba!" Sauti ilipita juu ya mpunga wote. "Hizo zimepuliziwa dawa juzi! Sogeeni juu, huko kwenye ukoka!"

Watu waliokuwa wanafukuza ndege wakageuka. Lazaro akainuka kutoka kwenye jaruba lake, mikono kiunoni, kicheko kimemjaa mdomoni.

"Gwe Zebedayo! Leo nani anakufokea?"

"Mkwe wangu!" nikamjibu kwa nguvu, ili wasikie mpaka barabarani. "Na bado hajamaliza!"

Kweli alikuwa hajamaliza. "Na mzianike kwanza zinyauke!" akaita. "Msimletee na umande!"

"Nimesikia!" nikasema. Nikazimwaga zile nilizokata, nikapanda kwenye ukoka.